Friza ya Nchi Tano

Asenath alikuwa fundi wa friji ambaye wauza nyama wa Soko la Burma walimwachia ufunguo wa duka wakaenda zao bila wasiwasi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, aliishi Mowlem, karibu na Dandora, na binti yake Tiffany, na alikuwa amefufua friza nyingi ambazo mafundi wengine walishazikatia tamaa. Kwa hiyo Jumanne moja, Gitonga mwenye bucha alipompigia simu kumwambia kuna mteja wake, daktari fulani, ambaye friza yake imemharibikia na amechanganyikiwa kabisa, Asenath alitia bisibisi na geji zake za kupimia gesi mkobani akatoka bila kuuliza maswali mengi.

Alielekezwa kwenye ghala la zamani upande wa Dandora, lililopakwa chokaa na kugeuzwa maabara. Harufu ya jalala kubwa la jirani iliingia humo hata madirisha yalipofungwa. Mwenyewe, Daktari Kalekye, alimpokea mlangoni na kumpeleka moja kwa moja kwenye friza iliyosimama kona, ndefu kuliko mtu. Juu ya mlango wake namba nyekundu zilionyesha hasi arobaini na moja.

Asenath aliitazama akadhani amesoma vibaya. Friza ya bucha ikifika hasi kumi na nane, mwenye bucha hulala usingizi mzuri.

"Sasa shida iko wapi, Daktari?"

"Inatakiwa iwe hasi themanini. Leo asubuhi nimeikuta hasi sitini, na inazidi kupanda. Ikipita hasi ishirini, vilivyomo vitaanza kufa."

Asenath aliuliza ni nini kilichomo. Kalekye alimweleza huku wakisukuma friza kutoka ukutani. Ndani mlikuwa na vichupa elfu nne, kila kimoja kikiwa na aina yake ya bakteria. Vilitoka Mwanza, Kampala, Kigali, Bujumbura na hapo hapo jalalani Dandora. Maabara za nchi tano zilikuwa zikichagua bakteria, aina moja baada ya nyingine, na kuzikutanisha ili ziishi pamoja na kufanya kazi ambayo hakuna aina moja inayoiweza peke yake. Kwa kuwa hakuna maabara iliyomudu friza kama ile, mfuko wa utafiti wa kanda ulinunua moja ya kutumiwa na wote. Ya pili, ya kuhifadhi nakala, ingewekwa Jinja, lakini ombi lake lilikuwa bado linajadiliwa. Na katika karatasi zote za mfuko hapakuwa na mstari hata mmoja wa matengenezo. Fundi wa kampuni angetoka ng'ambo, na angefika baada ya siku tisa.

Asenath alifungua kifuniko cha nyuma, akapiga goti, akamulika tochi. Alizoea kukuta kompresa moja ya kusukuma gesi. Hapa zilikuwa mbili. Alifuata mabomba kwa kidole, taratibu, mpaka akaelewa, na alipoelewa alikaa kitako sakafuni. Kompresa ya kwanza haikugusa vichupa kabisa. Kazi yake yote ilikuwa kuipoza ya pili, na hiyo ya pili, ikiwa imepozwa tayari, ndiyo iliyoweza kushuka mpaka kwenye baridi isiyopatikana juu ya mlima wowote Afrika. Miaka ishirini katika kazi hii, na hakuwahi kujua kuna binadamu aliyewaza jambo kama hilo.

Kosa lenyewe lilikuwa la kawaida. Vumbi la jalala lilikuwa limeziba kondensa, mabomba ya kutolea joto, kama blanketi, na feni iliyopaswa kuipuliza ilikuwa imekwama. Kompresa ya kwanza ilipata joto, ikajizima, ikawaka tena, ikajizima. Asenath alimpigia Gitonga na kumwomba feni ya friji ya kioo iliyokuwa imekufa dukani kwake. Gitonga aliileta mwenyewe kwa pikipiki, bado amevaa aproni. Haikulingana na matundu, ikabidi Asenath atoboe mapya. Alisafisha kondensa kwa brashi na pampu ya upepo, na kila dakika chache Kalekye alisoma namba kwa sauti ndogo. Hasi thelathini na tatu. Hasi thelathini. Hasi ishirini na saba.

Saa nane mchana aliurudisha umeme kwenye kompresa. Kompresa ya kwanza iliguna, kisha ikatulia katika mngurumo mmoja. Baada ya muda mrefu ya pili ikaitikia. Walisimama watatu mbele ya mlango. Namba ilikaa palepale kwenye hasi ishirini na tano hadi Asenath akaanza kuhesabu pumzi zake, halafu ikashuka hadi hasi ishirini na sita. Kalekye alijifuta macho kwa mkono wa koti lake.

Kisha alimwita Asenath kwenye hadubini. Asenath aliinama, akafumba jicho moja. Katika duara la mwanga aliona umati: vijiti vifupi, vishanga, nyuzi ndefu, vingine vikikimbia, vingine vikiwa vimeshikana mafungu mafungu. Kalekye alimwambia hilo ni tone moja la kile walichokiunda wao, aina saba zilizotolewa kwenye maji meusi yanayochuruzika jalalani. Moja hula uchafu na kuacha taka, na taka hiyo ndiyo chakula cha ya pili. Ya pili huilinda ya tatu dhidi ya hewa, na kuendelea hivyo. Alimwonyesha mitungi miwili ya kioo yenye maji ya jalala. Mmoja uliwekewa aina sita, na maji yake yalikuwa bado meusi kama oili chafu. Wa pili uliwekewa zote saba, na kupitia maji yake Asenath aliweza kusoma maandishi ya gazeti lililobandikwa nyuma.

"Hiyo ya saba inafanya nini?" aliuliza.

"Hatujui bado. Peke yake haifanyi chochote. Tulikaribia kuitupa."

Asenath alirudi kwenye hadubini. Alikaa hapo mpaka Gitonga akachoka kumsubiri akarudi bucha. Alikuwa amepita kando ya maji yale kwa miaka kumi na saba akiziba pua.

Kalekye aliandika kila kitu katika ripoti yake kwa mfuko, pamoja na jina la fundi. Mwezi wa tano ujumbe wa mfuko ulikuja Dandora kuamua kuhusu friza ya Jinja na mafunzo ya mafundi wa nchi zote tano, na Asenath akaitwa mkutanoni. Alivaa gauni lake la kanisani. Mwenyekiti, mama mmoja mpole kutoka Arusha, alimuuliza mafundi hao watahitaji nini, kalamu ikiwa tayari kuandika vifaa.

Asenath alivitaja vifaa.

"Na siku ya kwanza," alisema, "kabla hamjawafungulia mashine, wapelekeni kwenye hadubini. Mimi nilitengeneza kwanza, ndipo nikaona. Wao waone kwanza."

Mwenyekiti aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa. Friza ya pili ilikubaliwa kabla ya mvua za vuli, na mafundi sita wa kwanza walipofika, akiwemo mzee mmoja wa Bujumbura aliyetengeneza mitambo ya barafu maisha yake yote, Asenath aliwapanga mstari mbele ya hadubini. Mzee aliinama, akatazama, akampisha mwenzake. Kisha akazunguka, akaenda kusimama tena mwisho wa mstari.