Jiwe la Shambani kwa Endel

…na eti jiwe liwekwe kaburini kwa Endel, hilo hilo, mume aliyeokota mawe maisha yake yote sasa alale chini ya kubwa lao, na fundi Raivo kasimama hapo, chuma keshakitia kwenye tundu alilotoboa, nyundo iko begani, "Mama Helju, nipige nisipige? Jiwe halizeeki, mimi ndiye ninayezeeka hapa," na Helju analitazama tu katikati ya shamba la shayiri, kubwa kama ghala, ubavuni limechanwa mistari mirefu, mistari ya barafu, mwalimu aliwaambia shuleni, barafu nene kuliko mnara wa kanisa ililikokota kutoka Ufini zama hizo, ikayeyuka, ikalitupa hapa Estonia, hili na mengine yote, na kila theluji ikiisha yanaota upya, baridi inayasukuma juu kama meno ya mtoto, na yeye na Endel na ndoo zao, wanaokota, wanarundika mpakani, mwaka unaofuata yako pale pale, mpaka mgongo wa Endel ukapinda, usinyooke hata jenezani… "Si mwanao kasema kwenye simu tuchukue hili? Kubwa kuliko yote, kasema," ndiyo, kasema, Tarvo hodari wa kusema, yuko huko huko Ufini anawajengea watu nyumba, mazishini hakuja, kazi eti, jiwe halina miguu na lilifika, yeye ana meli ya asubuhi na ya jioni, basi aje alipasue mwenyewe… "Mama, jua hilo linakwenda," linakwenda, na saa hizi Endel angekuwa ameegemea hapa, mkate na mafuta ya nguruwe mkononi, maana jiwe lilimtunzia joto la mchana, ndilo pekee alilolizunguka na plau bila kulitukana, na hapa hapa alimshika Tarvo viganja vilivyochubuka, akamnyang'anya ndoo, "Nenda, mwanangu, huku mawe hayaishi, nisikuone tena umeinama," na mtoto akalia, kumbe alilia, kisha akaenda… akatii… Helju anaweka kiganja juu ya ile mistari, joto lipo bado, hapana, halipasuliwi, Endel atawekewa moja la rundo la mpakani, aliloliinua mwenyewe, na hili libaki, Tarvo akija apate pa kuegemeza mgongo, akija… "Mama Helju, nipige?" na nyundo bado iko begani, na kiganja cha Helju kiko pale pale kwenye mistari.