Cherehani Chini ya Dirisha la Darasa

Cherehani ya marehemu dada yangu bado ina alama ya kiwiko chake. Iko pale ukingoni mwa meza, rangi ilipofutika kwa kuegemewa. Watu wananiuliza kama naiuza. Nawajibu kwamba bado ina kazi. Naandika haya nisije nikaisahau kazi yenyewe.

Dada alikuwa fundi wa nguo. Mimi, mdogo wake, nilikuwa wa vifungo, pindo na pasi. Tuliishi chumba cha nyuma ya duka pamoja na bintiye, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Chupa.

Chupa alizaliwa na selimundu. Mwili wake ukikaukiwa maji au ukipigwa na baridi, chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba njia, na mifupa humuuma mpaka anashindwa hata kulia. Ana vidonge vyake, lakini kila siku ni lazima anywe maji mara kwa mara, na anayekunywa hivyo huenda msalani mara kwa mara. Ndiyo maana wenzake wakamwita Chupa. Hakukasirika.

"Afadhali Chupa kuliko Kizibo," alisema, akimtazama yule mfupi aliyelianzisha jina. Jina la Kizibo likamganda mwenzake mpaka leo.

Shuleni kwao sheria ilikuwa moja kwa wote: darasani hakuna kunywa, hakuna kutoka kabla ya kengele, na mstarini asubuhi hakuna sweta juu ya shati. Dada alikwenda kueleza, akarudi na jibu kwamba sheria haina mtoto.

Sisi mafundi tuna ugonjwa wetu pia: tunaamini kila jambo hurekebishwa kwa sindano. Tukamshonea Chupa bitana ya flana ndani ya shati la sare, kwa mshono usioonekana hata ukiligeuza. Tulijisifu usiku kucha. Asubuhi mstarini hakuona baridi. Lakini mchana jua likawaka juu ya mabati, bitana ikamtoa jasho, na maji haruhusiwi. Alipojikunja juu ya dawati, mwalimu alimwambia akae vizuri, kwa kuwa kwa nje alikuwa mtoto mzima katika shati safi.

Jioni hiyo Chupa alilazwa hospitali kwa maumivu. Aliporuhusiwa kutoka, Dada alichukua kisu cha kufumulia akaifumua ile bitana, uzi mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Tulimficha. Mtoto wangu si mshono mbaya."

Kesho yake akaita mkokoteni. Tulipakia cherehani, pasi na furushi la nguo za wateja, tukavishusha kwenye kibaraza cha shule, chini ya dirisha la darasa la Chupa. Mwalimu Mkuu akatoka mbio, chaki mkononi.

"Fundi! Hapa ni shule, si gulio."

"Naona, Mwalimu. Ndiyo maana nimemleta mtoto."

"Na hiyo mashine?"

"Mmesema hanywi, hatoki. Sawa. Mimi nitakaa hapa. Akiona kiu nitampitishia maji dirishani. Akizidiwa nitambeba. Na kwa kuwa sili kwa kukaa bure, nimekuja na kazi yangu."

"Tukimruhusu mmoja, wote watataka."

"Watataka nini, kiu?"

Walimu walikuwa wamejaa mlangoni. Dada akachomoa suruali ya kijivu kwenye furushi. "Hii yako, Mwalimu. Uliniomba niongeze kiuno, nimeongeza. Kuna mwenzako aliyelalamika kwamba umependelewa?"

Walimu wakageukia ukuta, mabega yakitikisika. Mwalimu Mkuu naye nusura acheke. Akaichukua suruali, akaikunja vizuri, lakini hakukubali.

Basi tukashona pale. Mvua ilipokuja tulisogea ukutani. Wateja walikuja kujaribu magauni juu ya sare zao za kazi, na watoto walijifunza kuhesabu kwa mlio wa cherehani. Chupa aliona aibu mwanzoni. "Mama, wananicheka."

"Wacheke. Kucheka hakuvunji mfupa. Kunywa maji."

Siku moja akaja mama mwingine, muuza mkaa, akaketi juu ya ndoo karibu nasi. Mwanawe alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilifungiwa kwenye droo ya ofisi, eti isichezewe. Alikuwa amemwomba Mwalimu Mkuu mpaka akachoka. "Nikasikia kuna kikao chini ya dirisha," alisema. Dada akampa pini azishike.

Alikuwa bado amezishika pale mtoto wake alipotolewa darasani akihema kama mvukuto, midomo ikigeuka rangi. Mwalimu Mkuu alikimbilia ofisini. Ufunguo ulikuwa kwa karani, na karani alikwenda benki. Nilimwona mtu mzima yule akivuta droo kwa mikono miwili, akiita jina la karani kana kwamba angesikia. Dada akampita na mkasi wake mkubwa, akautia kwenye ufa, akabanua. Mbao ikapasuka. Mtoto akavuta dawa, akavuta tena, na hatimaye tukamsikia akikohoa vizuri.

Mwalimu Mkuu aliketi kwenye ngazi, kipande cha droo mapajani.

"Dawa ikae na mtoto," alisema polepole. "Na maji pia."

"Na kutoka?" aliuliza Dada.

"Ainue mkono, atoke."

"Na sweta?"

"Fundi, na sweta."

"Usiniambie mimi hapa ngazini, Mwalimu. Waambie mstarini, wote wasikie."

Kesho yake Mwalimu Mkuu aliyatangaza hayo mstarini, kwa kila mtoto mwenye shida ya afya. Dada aliyasikiliza mpaka neno la mwisho, ndipo akaita mkokoteni.

Ule mkasi ulipinda ncha. Hakuunyoosha kamwe, nami sitaunyoosha.

Dada alifariki msimu wa mvua uliopita, kwa homa ya mapafu. Chupa sasa ameanza sekondari. Jana alirudi, akaweka mkoba chini, akasimama mbele ya cherehani bila kuigusa.

"Mama mdogo, wamesema chupa ya maji ikae ofisini."

"Uliwaeleza?"

"Nimewaeleza vizuri kabisa. Wamesema watafikiria."

Nikachukua kopo la mafuta, nikatia tone kila tundu, kama alivyofanya mamake. Nilipoegemea kuzungusha gurudumu, kiwiko changu kiliangukia palepale pake.

"Wafikirie," nilisema. "Wewe nenda kamwite mtu wa mkokoteni."

"Nimeshamwita," alisema Chupa. "Anauliza safari hii ni dirisha lipi."