Siku Tuliyokataa Kupisha

Kijiji chetu cha Wickenhope kilipoteza uwanja wake kwa sababu mjomba wangu Clement ana adabu. Hapakuwa na vita, wala kesi, wala hati ya kughushi. Alisema "tangulia wewe," na uwanja ukaenda.

Ilinibidi niwaeleze wanafunzi wangu jambo hili jioni moja ya Aprili, katika ukumbi wa kanisa, na halikuelezeka kirahisi. Wanafunzi wangu ni wachuma stroberi wa shamba lililo chini ya kilima. Baadhi yao ni Wakirigizi, wengine ni Wanepali. Hufika miti inapochipua na kuondoka majani yanapodondoka. Kila Alhamisi nawafundisha Kiingereza, ingawa wao hawaulizi sana neno hili maana yake nini. Wanauliza kwa nini tuko hivi tulivyo.

Kinara wa maswali ni Bermet. Kwao alikuwa akifundisha hesabu, na haoni haya hata chembe.

"Mwalimu, tuanze upya," alisema. "Kuna vijiji viwili, Wickenhope na Dinsley. Kila baada ya miaka saba mnazunguka mipaka yenu mkichapa mawe kwa fimbo."

"Ndiyo."

"Mawe yamekosa nini?"

Nikamweleza kwamba zamani hapakuwa na ramani, mpaka uliishi vichwani mwa watu. Kijiji kizima, padri akiwa mbele, kilizunguka mpaka wake na kulichapa kila jiwe. Watoto walinyanyuliwa juu na kugongwa makalio kwenye jiwe ili wasisahau lilipo. Ukizuka ugomvi miaka hamsini baadaye, mtoto yule, sasa mzee, ndiye aliyekuwa shahidi.

Bermet akahitimisha: "Kwa hiyo ramani ya Uingereza ilichorwa kwenye makalio ya watoto."

Dhan, Mnepali wa makamo mwenye mabega kama kabati, ilibidi aweke kikombe chake chini. "Na huo uwanja, mwalimu? Nao ulichorwa huko huko?"

Uwanja huo, tunaouita Uwanda Mrefu, hauna jiwe. Uko katikati ya vijiji viwili, na wazee wa kale, walipochoka kugombana, walikubaliana hivi: siku ya mzunguko, vijiji vyote viwili vikutane mbele ya lango lake, lango jembamba la kupita mtu mmoja mmoja. Viongozi wote wawili lazima wawepo. Hakuna kusukumana, hakuna kukimbia, hakuna kugusana. Kijiji kitakachokipisha kingine, kwa neno au kwa hatua, na hicho kingine kikakubali kutangulia, kimeupoteza uwanda kwa miaka saba.

"Na wote mkikataa kupisha?" Bermet akauliza.

"Tunasimama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka adabu imzidi mmoja wetu."

Mara ya mwisho walisimama tangu adhuhuri. Kiongozi wa Dinsley ni Bi Olwen Gwilliam, mfuga kondoo, mwanamke mwenye subira ya gogo. Ilipokaribia saa ya chai, alipiga chafya. Mjomba Clement, kiongozi wetu, akamwambia pole, akashika lango, akalifungua, akainama kidogo na kusema tangulia wewe, mama. Maneno yalikwisha kutoka kabla akili haijaamka. Tangu siku hiyo kondoo wa Dinsley wanakula pale tulipokuwa tunachezea kriketi, na sisi tunachezea kwenye mteremko nyuma ya kanisa. Mpira ukipigwa upande mmoja unaishia kijitoni. Ukipigwa upande wa pili unarudi wenyewe.

Mwaka huu ulikuwa mzunguko wa mwisho wa mjomba. Nyonga yake inasubiri kisu, na daktari amemwambia vilima sasa basi. "Rowena," aliniambia siku moja jikoni kwake, "nikifa uwanda ukiwa bado wa Dinsley, kwenye kaburi langu waandike 'Samahanini.'" Alilisema akicheka, ila chai yake aliisahau mpaka ikapoa.

Niliwasimulia wanafunzi hilo nalo. Bermet akasema, "Tutakuja."

"Anayeruhusiwa kuzunguka ni mtu wa kijiji tu."

"Na mtu wa kijiji ni nani?"

Swali zuri. Desturi inasema aliyelala Wickenhope usiku wa kuamkia mzunguko ni wa Wickenhope.

"Basi sisi ni wenyeji," akasema Bermet. "Kule kwenye mabehewa tunamoishi shambani paa linavuja, ila tunalala."

Nilifurahi mno. Hawa, nilijiwazia, hawakuzaliwa na ugonjwa wetu, hawatampisha mtu. Alhamisi iliyofuata nikamwita mjomba aje aone mazoezi. Niliwagawa makundi mawili, moja ndani ya mlango wa ukumbi, jingine nje, nikawaambia piteni. Hakupita mtu. "Tafadhali, tangulia." "Hapana, wewe kwanza." "Naomba sana, mama." Dhan alijaribu kujibanza ubavuni, akaugonga mlango kwa bega, akauomba mlango radhi.

Mjomba Clement aliwatazama kwa huzuni. "Umewaharibu, mwanangu. Wamekuwa Waingereza."

Bermet peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya meza akining'iniza miguu. "Mwalimu, uliwahi kutuambia Mwingereza akiona foleni anaingia kwanza, kisha ndiyo anauliza ni ya nini."

"Nilitia chumvi."

"Hukutia. Tulijaribu." Kumbe siku ya soko mjini, yeye, Dhan na wenzao wawili walisimama mstari mmoja wakitazama ukuta mtupu, wala si wa duka. "Hata hatujamaliza kukohoa, bibi mmoja na kikapu chake yuko nyuma yetu. Kisha bwana mwenye mbwa. Kisha wengine. Yule bwana akaniuliza, 'Inaenda?' Nikamwambia, 'Taratibu.' Akasema, 'Si haba.'"

"Mliwaacha pale?" nikauliza.

"Tungewaambia nini?" alisema Dhan. "Tuliona haya, tukaondoka mmoja mmoja. Wao walifurahi, walisogea mbele."

Mjomba aliketi. Aliuweka mkongojo wake magotini na kuutazama kama mtu anayesoma. "Rudia hiyo," akamwambia Bermet. "Polepole."

*

Siku ya mzunguko ilipambazuka na mvua nyembamba, kisha mawingu yakakunjuka na kila ua wa shamba ukawa unameta. Tuliondoka kanisani tukiwa na fimbo zetu. Wenyeji wa kuzaliwa tulikuwa wachache, maana vijana wetu wengi wako mijini, lakini wachuma stroberi walijaza njia. Kila jiwe tulilolifikia tulilichapa, na kila jiwe Bermet alitaka kugongwa. Tulimshika mikono na miguu tukamgonga kidogo, naye akalitaja jina la jiwe kwa sauti. Alipotaka Dhan naye anyanyuliwe, watu wanne walijaribu, wakamrudisha chini wakimwambia atalikumbuka jiwe hivyo hivyo.

Mjomba alitembea mbele. Alikuwa akichechemea, ila hakukubali kushikwa mkono.

Tulifika kwenye lango kabla ya Dinsley. Njia yetu na yao zinakutana hapo hapo mbele yake, na uwanda uko upande wa pili, kijani kibichi, na kondoo wametapakaa. Mjomba akasimama langoni. Sisi tukajipanga nyuma yake kando ya ua, mmoja mmoja, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake.

"Msicheke," nikawaambia. "Achianeni nafasi kidogo, mmebanana mno. Mtu atazame simu. Wewe, piga miayo."

Bermet akatoka mstarini na kumwendea mjomba. "Babu, fungua mdomo."

"Cha nini?"

"Tofi. Ile ngumu, inayogandisha meno. Mwalimu alisema nyinyi hamsemi chakula kikiwa mdomoni."

Mjomba alifungua mdomo kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Dinsley walitokea kwenye kona, Bi Olwen mbele na fimbo yake ndefu, buti zake zimejaa tope, uso umejiandaa kusimama mpaka giza. Aliona foleni. Akapunguza mwendo. Nilimwona akimtazama mtu wa kwanza, wa pili, akiufuata mstari kwa macho mpaka mwisho, na miguu ikageuka yenyewe. Alikwenda mkiani, akasimama nyuma ya Dhan, akaacha nafasi ya heshima. Watu wake wakajipanga nyuma yake. Wakaanza kuzungumzia mvua ya asubuhi.

Nilibana midomo mpaka ikauma. Hata hivyo uwanda haukuwa wetu bado. Kusimama nyuma ya mtu si kumpisha. Hakuna aliyekuwa ametoa neno.

Mjomba alishika komeo. Akafungua lango. Kisha akafanya kile nilichokiogopa mwezi mzima: akageuka nyuma kutazama kama yupo mwanamke wa kutangulizwa. Macho yake yakampata Bi Olwen kule mwisho. Taya zikaanza kuhangaika. "Mmmh," alisema. "Mmmmh." Tofi ilishika.

Mguno ule ndio uliomzindua Bi Olwen. Aliinua kichwa.

"Samahani," akamwambia Dhan mgongoni. "Hii foleni ni ya nini?"

Dhan akageuka. "Ya kuingia uwandani, mama."

Uso wa Bi Olwen ukabadilika. Njia ilikuwa wazi kabisa ubavuni mwetu. Kilichotakiwa ni kuwapita watu kadhaa na kwenda kusimama pale mbele anaposimama kiongozi, na mambo yangeanza upya. Alinyanyua mguu. Ulibaki hewani. Kuruka foleni mbele ya watu wa vijiji viwili, nusu yao wanamfahamu tangu akinyonya, halikuwa jambo dogo.

Ndipo Dhan, kwa ile sauti yake nzito na unyenyekevu wote niliomfundisha mwenyewe, akasema, "Mama, una haraka? Ukipenda pita mbele yetu. Sisi hatujali."

Alikuwa amempisha. Kwa neno, mbele ya mashahidi. Alichohitaji Bi Olwen ni kusema asante na kutembea, na uwanda ungebaki wa Dinsley miaka saba mingine. Mjomba alifumba macho. Bermet alikuwa ametulia tuli.

"La, hapana," akasema Bi Olwen, haraka, kama sote tunavyosema, kama mama zetu walivyotufunza kabla hatujajua kutembea. "Sina haraka hata kidogo. Tangulieni nyinyi."

Kisha akajiziba mdomo kwa mkono. Maneno yalikwisha fika.

Mjomba Clement aliingia uwandani.

Hakukimbia, nyonga isingemruhusu. Alipita langoni kwa hatua zake mbovu, na sisi tukamfuata mmoja mmoja, kwa zamu, kwa sababu hata wakati wa ushindi foleni ni foleni. Nilipomfikia Dhan nilimshika shati.

"Umetaka kuniua. Ungefanyaje angekubali?"

"Mwalimu," alisema kwa upole, "uliandika ubaoni. Mwingereza akipewa kitu mara ya kwanza anakataa. Nilimpa mara moja tu."

Bi Olwen alisubiri zamu yake, akapita, akaja moja kwa moja hadi kwetu. Nilidhani atafoka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko alichokuwa akikimeza.

"Nani aliyewaza jambo hili?"

Bermet alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Wewe ni wa wapi, binti?"

"Wickenhope."

"Unaniambia mimi?"

"Kitanda changu kiko Wickenhope, mama. Muulize mwalimu."

Bi Olwen akamkagua toka viatu hadi nywele, kama anavyokagua kondoo mnadani. "Na mzunguko ujao utakuwa unalala wapi?"

"Sijaamua."

"Dinsley paa hazivuji."

"Mwache mtu wetu," nikasema.

"Nazungumza na mtu mzima, Rowena. Wewe kaa pembeni." Akamsogelea Bermet. "Na jikoni kuna jiko la kuni. Fikiria taratibu."

Wakati huo mjomba alikuwa amefika katikati ya uwanda, pale palipokuwa na uwanja wetu wa kriketi. Kondoo walimwachia nafasi. Aliitupa fimbo yake. Akainama polepole, goti moja, kisha la pili, kisha akajilaza chali majanini na mikono yake ameitandaza, kofia ikimfunika pua.

Niliogopa, nikaenda mbio. Bermet na Dhan walinifuata, na kundi zima nyuma yao. Tulipomkaribia tuliona kifua chake kikipanda na kushuka. Alikuwa bado akitafuna.

Wachuma stroberi walimzunguka wakimtazama kwa heshima kubwa.

"Mwalimu," Bermet akaninong'oneza, "hii nayo ni desturi?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Majani yalikuwa yamelowa, na koti langu lilikuwa jipya. Nikalala karibu na mjomba. Nikamsikia Dhan akishuka upande wangu wa pili kama gunia la viazi, kisha Bermet, kisha wengine, na mwishoni kabisa, akilalamikia mgongo wake, Bi Olwen Gwilliam wa Dinsley.