Urithi wa Mstari Mmoja

Alilamba kidole, akakiweka juu ya skrini yangu, akakiburuta kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kilipita kikiacha unyevu, na ndani ya unyevu ule herufi zangu zikavimba na kutoa rangi za upinde wa mvua.

"Yote haya ya nini?" akauliza Mkato.

Mkato ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Jina hilo tulimpa wenyewe pale ofisini, kwa jinsi alivyopenda kila kitu kiwe kifupi: msimbo mfupi, mkutano mfupi, hata salamu ilikuwa nusu. Yeye alidhani tunamsifu. Alitafuna karanga mchana kutwa, na kila alipoondoka mezani kwangu nilitoa kitambaa nilichokuwa nakibeba kutoka nyumbani, nikafuta. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba kinyaa changu hakikuanza na maji. Kilianza na kile kidole.

Alichokuwa anakiulizia ni onyo, lile la kuwaambia watu maji yakiwa na hatari. Tulikuwa tumetengeneza tovuti ya mamlaka ya maji ya mji, na kazi yangu mimi ilikuwa mavazi ya kurasa: rangi, ukubwa wa herufi, nini kionekane na nini kifichwe. Mavazi hayo yana lugha yake, ndefu, yenye kurudiarudia mpaka inachosha, kwa hiyo watu wa kazi yetu huandika kwa lugha nyingine iliyo fupi, halafu programu huigeuza kuwa ile ndefu. Mwaka ule programu ilitoka na toleo jipya lenye mambo mapya. Sasa uliweza kuandika kanuni ndani ya kanuni. Uliweza kuipa programu rangi moja, zile nyingine ikazikokotoa yenyewe. Na lililomtoa Mkato udenda ni urithi: unaandika mstari mmoja tu, unaosema hiki kivae kila anachovaa yule, na programu inamaliza mengine.

"Onyo lina kanuni zake peke yake," nilimjibu. "Jekundu, herufi kubwa, juu kabisa ya ukurasa. Halitegemei kitu."

"Kwa nini lisitegemee kitu?"

"Ili mtu akigusa kingine, lenyewe lisiguswe."

Alicheka hadi punje ya karanga ikaruka na kutua kwenye kibodi yangu. "Mwenzetu unaandika kama unalipwa kwa neno," alisema, na wenzangu wote wakacheka, maana bosi akicheka nani atabaki na mdomo umefumbwa. Kabla ya jioni alikuwa amefuta mistari yangu yote na kuweka mmoja. Onyo likarithi mavazi ya ujumbe wa kawaida, kisha likapakwa rangi nyekundu juu yake. Kwenye kompyuta zetu lilionekana vilevile. Wakampigia makofi. Makofi, jamani, kwa kufuta!

Nilikuwa naishi na shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu. Kabla ya kustaafu alikuwa mpishi wa bweni la wasichana, na hadi leo haamini sufuria ambayo hakuiosha mwenyewe. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Daktari alimwambia anywe maji mengi, naye akawa anakunywa kama mtu anayetumikia adhabu, jagi la asubuhi, jagi la mchana, huku amekunja uso.

Ni mimi niliyemfundisha kufungua ile tovuti kwenye simu. Mtaani kwetu habari za maji zilipitia madirishani: leo yatakatika, leo yana dawa, leo kuna mtu kaona mdudu kwenye ndoo. Nyingi zilikuwa porojo.

"Achana na maneno ya madirishani, shangazi," nilimwambia. "Kukiwa na jambo utaliona hapa, jekundu, huwezi kulikosa. Nimeliandika mwenyewe."

Aliyaamini macho yangu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Basi kila asubuhi alivaa miwani, akafungua ukurasa, akaukagua kama anavyokagua mchele, ndipo akajaza jagi.

Kisha Mkato akanipeleka mji mwingine, kwenye mafunzo ya toleo jipya. "Ukanoe akili," alisema. Nilikaa katika ukumbi wenye mapazia mazito na harufu ya zulia bichi, nikimsikiliza mkufunzi akituonyesha jinsi familia nzima ya vitufe inavyoweza kurithi kutoka kwa baba mmoja. Alikuwa anasema "uzuri wake" kila baada ya sentensi. Uzuri wake hivi, uzuri wake vile. Simu ikatetemeka mfukoni, na aliyepiga alikuwa jirani yetu, fundi cherehani.

"Mwanangu, usishtuke," alisema, na hapo ndipo niliposhtuka, maana hakuna anayeambiwa asishtuke kwa habari njema. "Shangazi yako tumemlaza hospitali. Tumbo. Tangu jana usiku halijafunga."

Nilimkuta kitanda cha dirishani, amekuwa mdogo. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo, na harufu yake ilikuwa imeshika mapazia, shuka, hata chupa ya chai ya mgonjwa wa pili. Sitaielezea. Ninachotaka kusema ni kwamba mwanamke aliyesugua masufuria ya bweni zima mpaka yakawa vioo, alikuwa amelala pale anaona haya kugeuza uso.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alisema, "Jirani aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba bomba la maji taka limepasukia kwenye bomba kubwa. Kwamba tunakunywa vinyesi vya watu. Nikamwambia ni muongo, mwanangu. Nikatoa simu nikamwonyesha. Nikamwambia, ingekuwa kweli mtoto wangu angeandika." Akafumba macho. "Nimemwita muongo mtu wa watu, na nikarudi ndani nikanywa."

Niliketi kwenye kiti cha wageni, nikafungua kompyuta yangu ya mkononi. Onyo lilikuwepo. Jekundu, herufi kubwa, juu kabisa: maji yasinywewe, hata yakichemshwa, hadi itakapotangazwa. Mamlaka ililiweka asubuhi ileile bomba lilipopasuka. Nikachukua simu ya shangazi, nikafungua ukurasa huohuo. Palikuwa na picha ya mtoto anacheka, ameshika glasi ya maji. Basi.

Nilisoma msimbo palepale, magotini, na haukunichukua muda. Nilipokuwa safarini, Mkato aliona kwamba zile salamu za "Karibu, mteja wetu mpendwa" zinajaza skrini ndogo, akaongeza kanuni: kwenye simu, ujumbe ufichwe. Lakini onyo lilikuwa mrithi wa ujumbe. Programu ni tiifu kuliko mtumwa. Ilipoambiwa ifiche ujumbe, ikaficha na kila aliyevaa nguo zake. Kwenye kompyuta kubwa za ofisini hakikubadilika kitu, na hakuna aliyeinuka akatazama kwa simu yake. Nikafuta ule mstari wa urithi, nikarudisha yangu yote. Baada ya muda kidogo onyo likajitokeza kwenye simu ya shangazi, likamulika shuka kwa wekundu wake, naye alikuwa amelala.

Alipona. Figo moja haikupona.

Nilirudi ofisini na maneno niliyoyapanga njia nzima, na yote yalinitoka kichwani nilipofika kwenye meza ya Mkato. Ukutani nyuma yake zilikuwa zimepangwa katoni za maji ya chupa, zimefika kiunoni.

"Haya yametoka wapi?" nikauliza.

"Si kulikuwa na onyo?" alisema, mdomo umejaa. "Niliona tu asubuhi ile pale kwenye skrini, nikaagiza papo hapo. Ya hapa na ya nyumbani kwangu. Mimi sichezi na afya."

Nilimweleza kuhusu simu. Nilimweleza urithi, kanuni yake, shangazi yangu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, nami nikaona uso wake unafunguka polepole. Nilidhani ni majuto. Ilikuwa furaha.

"Kwa hiyo ilipita mpaka kwa mrithi!" alisema. "Unaona ilivyo na nguvu? Hiyo siyo kasoro, ndivyo lugha ilivyokusudiwa."

Mji mzima ulikuwa umeshika simu, na waliolisoma onyo ni sisi tulioliandika, tukajinunulia maji safi. Niliondoka pale mezani kwa sababu kama ningebaki ningetapika kwenye karanga zake.

Wiki chache baadaye mamlaka ilitangaza kuwa maji ni salama, na afisa habari wao akaja kutaka maelezo. Mkato alikuwa amegeuza balaa kuwa somo. Alisimama mbele ya ukuta mweupe na picha zake, ikiwemo picha ya simu ya shangazi yangu, ufa wake pembeni na kila kitu, niliyokuwa nimempa kama ushahidi. Juu yake aliandika, "Nguvu ya Urithi." Alieleza vizuri, sikatai. Afisa habari alikuwa anatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Mwenzetu mmoja alianza kupiga makofi.

Katikati ya maelezo koo lilimkauka, akapapasa mezani. Nilikuwa nimeweka jagi na glasi, nikamjazia, nikampa. Akaipeleka mdomoni. Akasita.

"Haya ni ya bomba?"

"Ya bomba," nikasema. "Yametangazwa safi. Tangazo tumeliweka sisi."

Aliitazama glasi. Mtu aliyelamba vidole vyake na kuvipaka kwenye skrini za watu, aliitazama glasi ya maji meupe kana kwamba nimempa ile ndoo ya chini ya kitanda. Akaiweka chini taratibu, akiisukuma mbali kidogo kwa kucha.

"Nitakunywa baadaye," alisema.

Afisa habari aliacha kutikisa kichwa. Mkato akaendelea na picha iliyofuata, sauti inakwaruza. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mkutano ulipokwisha nilibeba glasi ile mwenyewe hadi kwenye sinki, imejaa vilevile, nikaimwaga, na siku hiyohiyo nikaacha kazi.

Siku hizi natengeneza tovuti za wengine, na maonyo nayaandika marefu. Shangazi bado anavaa miwani kila asubuhi, lakini simu haigusi. Anafungua dirisha la jikoni, jagi tupu mkononi, na kupaza sauti kuelekea ng'ambo, ambako cherehani imeshaanza kulia.

"Jirani! Maji vipi leo?"

Cherehani hunyamaza. Mimi niko nyuma ya shangazi, mezani, kompyuta imewashwa, ukurasa uko wazi mbele yangu. Tunasubiri wote wawili jirani ajibu.