Chupa za JK

Nilikuwa mtu wa kuhesabiwa, na nilipenda. Kila Jumatatu, kabla hata ya kusalimia wenzangu kwenye maabara yetu hapa Goma, nilifungua simu kutazama ni mara ngapi watafiti wa dunia wametaja makala yangu. Inahusu bakteria wa kipindupindu wa Ziwa Edward: tulisoma jeni zao, tukaonyesha jinsi ugonjwa unavyohama kutoka kijiji hadi kijiji. Wiki ile namba ilikuwa 418. Kwa mwanabiolojia wa Goma si mchezo. Nilitembea kama bibi harusi.

Alhamisi Mama Kanyere akaja ofisini. Ni mama mzazi wa Josias, fundi wetu wa maabara, ambaye tulimzika mwaka jana. Alikuwa ametoka Butembo kuja kumaliza matanga ya mwanawe Jumamosi. Siku hiyo husomwa maisha ya marehemu mbele ya watu wote, ubatizo, shule, kazi, na mezani hupangwa picha yake, diploma yake na chochote cha kujivunia. Mama alikuwa amechapishiwa makala yangu kwenye duka moja la mtaa wa Birere, kurasa zote kumi na nne, akazitia kwenye plastiki. Aliziweka mbele yangu pamoja na kalamu, biki ya buluu.

“Dokta, miye sijue kusoma hii. Unipigie mustari chini ya jina ya mutoto wangu, Luc asitafute-tafute mbele ya batu.”

Luc ni mpwa wake, ndiye angesoma. Nilishika biki. Jina halikuwemo, na aliyelitoa ni mimi.

Josias ndiye aliyepanda pikipiki hadi Vitshumbi, kwa wavuvi wa ziwani, sanduku la barafu limefungwa nyuma, kuchukua vinyesi vya wagonjwa. Kazi hiyo sisi wenye digrii tuliisifu sana, tukiwa tumekaa. Kwetu kila chupa ya sampuli huandikwa herufi za aliyeichukua, kwa hiyo chupa zake zilikuwa JK, Josias Kambale, kuanzia JK 1 hadi JK 311. Kwenye rasimu nilimweka mwandishi wa tano, nikamwonyesha. Siku hiyohiyo akampigia mama yake simu, na mama akawaambia wanakwaya wote wa parokia. Kisha wenzetu wa Ulaya wakasema majina yamezidi, Goma ipunguze moja. Lilikuwa la Josias au la mkurugenzi wetu, ambaye hajawahi kugusa chupa, ila labda ya Fanta. Lakini mkurugenzi ndiye anayetia saini barua zangu. Nikamtoa Josias.

Nilimwahidi kwamba kwenye makala ya pili angekuwa mwandishi wa pili, baada yangu tu. Alicheka, akasema hakuna shida. Lakini hakumwambia mama yake kwamba jina limetolewa. Akarudi Vitshumbi kutafuta chupa za hiyo makala ya pili, na wakati wa kurudi, mvua ikinyesha, lori likamgonga pale Kibati. Alikuwa karibu kufika.

Sasa mama yake alikuwa ananingoja, na mimi, mwoga, nikafunua ukurasa wa tisa. Nikamwonyesha jedwali. Nikamweleza kwamba hii JK ni Josias, na hii, na hii, mara mia tatu na kumi na moja, na kwamba hata watafiti wa mbali wanaziita hivyohivyo. Nilieleza vizuri mno. Alifuata kidole changu mpaka chini ya ukurasa.

“Hizi ni machupa yake,” akasema. “Miye naulizaka mutoto.”

Nikaweka biki chini. Nikamwambia yote: rasimu, watu wa Ulaya, mkurugenzi, ahadi. Hakulia. Alikaa akikunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua.

“Alirudiaka kule juu ya ile makala ingine?”

“Ndiyo, mama.”

Alirudisha kurasa kwenye plastiki, taratibu, akaziacha mezani kwangu. Biki aliichukua.

Jumamosi nilikwenda. Nilitaka anitukane mbele ya watu, ningepumua. Alinipa mkono, akaniketisha kiti cha mbele, akaniletea sahani ya ugali na samaki yeye mwenyewe. Mezani palikuwa na picha, diploma, na kofia ya pikipiki iliyopasuka upande mmoja.

Luc akasimama kusoma. Alisoma ubatizo, shule, ndugu. Alipofika kwenye kazi niliona karatasi yake ina mstari uliofutwa kwa biki, na maneno mengine yameandikwa juu yake.

“Marehemu alikuwa anabebaka machupa ya Dokta Athanasie,” alisoma, “ule mwenye anajulikana dunia muzima.”

Watu wote wakanigeukia. Wengine wakanipigia makofi.