Namba ya Kijivu

Rula alikuwa na hasira tangu alipotoka nyumbani, na kwa kweli hakuwahi kukosa sababu. Jina hilo walimpa kazini kwa kuwa kwake hakuna dogo: herufi ikisogea unywele mmoja tu, atagomba mpaka irudi. Kazi yake ni kubuni nembo na mabango, na mtu wa kazi hiyo akitembea barabarani ni ugomvi mtupu. Bango la bucha lina aina saba za herufi. Saluni imemkata mwanamke wa watu kwenye picha hadi sikio moja halipo. Na sasa hii lifti ya hospitali, kitufe cha kufungua na cha kufunga vimefanana kama mapacha, mlango umelibana begi lake.

"Nani kafanya upuuzi huu?" akafoka. "Kasomea wapi huyu?"

"Nishike mkono, mwanangu," mama yake akasema. "Lifti utaipiga kesho."

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mtu akisimama mbele yake alimwona kama kivuli. Daktari bingwa wa upasuaji alifika hospitali hiyo siku moja tu kila baada ya miezi mitatu, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Pale mapokezi walimpa mama karatasi yenye namba arobaini na saba, wakamwonya kwamba akiikosa, mpaka daktari arudi.

Walipofika kliniki ya macho Rula akanyamaza ghafla. Nyuma ya ukuta wa kioo kulikuwa na skrini pana, nyeupe pee, na katikati yake namba nyembamba ya kijivu. Aliijua. Aliichora yeye mwenyewe, miaka miwili iliyopita. Nesi wa hapo alikuwa ameandika barua akiomba namba kubwa nyeusi, kengele, na sauti ya kuita. Rula alicheka ofisini mpaka machozi. Namba kubwa nyeusi, kwani hii ni stendi ya mabasi? Kengele akaifuta, eti kelele ni uchafu. Namba akaipa sekunde nane, itokee taratibu na ififie taratibu, kwa madaha. Siku ya kuipiga picha ya mashindano aliwainua wagonjwa wote kwenye viti, maana walikuwa wanamharibia picha. Mpaka leo picha hiyo imetundikwa ofisini kwake, viti vitupu na weupe mtupu, na tuzo yake pembeni.

Kliniki ya macho, jamani! Watu wasioona!

Mlinzi akanyoosha mkono mlangoni. "Mgonjwa peke yake. Wasindikizaji mnabaki hapa nje."

Nafasi ya kusema alikuwa nayo. Angemwambia mlinzi kwamba huyu mama haioni ile namba. Angemwomba yeyote anayeingia amsomee. Lakini kusema hivyo ilikuwa kuitukana kazi yake kwa kinywa chake mwenyewe, na hilo Rula alikuwa hajawahi kulifanya. Akajitia hamnazo.

"Kuna skrini mbele, mama. Iko wazi kabisa. Utaiona tu."

"Haya, mwanangu. Mambo hayo wewe ndiye unayeyajua."

Akabaki nje, paji la uso kwenye kioo. Kule ndani kila namba ilipobadilika wagonjwa waliinuka, wakaenda kuigusisha pua skrini, wakarudi kukaa. Mwingine aliisogelea, ikafifia kabla hajaisoma, akasimama pale anapepesa macho. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Rula alikuwa akitokwa na jasho.

Ikatokea arobaini na saba, kwa madaha yake yote.

Mama alikuwa ameketi akiitazama sawasawa, mkoba mapajani, anatabasamu.

Rula akagonga kioo. Akagonga kwa ngumi mbili. "Mama! Inuka! Mama!" Kioo kizito, sauti haipiti. Mlinzi akamshika bega, akamsukuma. Namba ikafifia. Arobaini na nane ikaja, na bwana mmoja aliyekuwa amesimama karibu na skrini akaingia chumba cha upasuaji.

Purukushani ikamtoa nesi. Rula akamrukia kwa maneno. Hospitali gani hii? Mnamruka vipi mgonjwa aliyekaa mbele yenu? Mna roho gani?

"Mashine ndiyo inayoita, dada," nesi akasema, amechoka. "Ikishakuruka, nafasi yako inampa mgonjwa wa akiba, na mimi siwezi kuirudisha. Kila siku ya kliniki wananipotea watatu, wanne. Nikiomba skrini ibadilishwe naambiwa haiguswi, imepata tuzo."

Alikuwa ameuacha mlango wazi na wote ndani walisikia. Pakachafuka. Mzee mmoja akasimama kwa hasira.

"Aliyetengeneza kitu hiki naye apofuke! Apapase kuta kama mimi!"

"Amina!" wakaitikia kina mama wawili.

Mama wa Rula alikuja akipapasa migongo ya viti, karatasi yake ingali mkononi. "Msimlaani, jamani," akasema. "Huyo naye ana mama yake huko aliko."

Rula akamsogelea mama yake.

"Mama yake ni wewe," akasema.

Mama akageukia sauti ilikotokea. Hakulia wala hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Na ukaniambia nitaiona."

Rula akaitazama ile karatasi mkononi mwa mama.

"Nesi, wamebaki wangapi?" mama akauliza.

"Wanne, mama."

"Basi mruhusu huyu aingie." Akamshika mwanawe kiwiko, akambana kwa nguvu hata ikauma. "Simama pale mbele. Wasomee wenzangu."

Mlinzi akapisha. Rula akaenda kusimama chini ya skrini, watu wote wakimwelekezea nyuso, akainua shingo kungoja. Kutoka pale chini, weupe wote ule ukimwakia machoni, hata yeye ilibidi akaze macho.

"Arobaini na tisa!" akapaza sauti. "Arobaini na tisa, nani mwenye arobaini na tisa?"

Yule mzee aliyemlaani akanyoosha mkono hewani, akamwambia aje amshike.