Ombi Namba Kumi na Saba

Siku ya kikao cha baraza la mji, mfagizi alitandika magunia kwenye benchi mbili za nyuma tangu saa mbili asubuhi. Benchi hizo zilikuwa za marehemu. Walikuwa wakija na udongo mwekundu miguuni, naye alishachoka kusugua sakafu.

Walikuja kwa haki. Kanuni ya baraza, iliyoandikwa kwa mkono na karani wa kwanza, ilisema ombi lililoingia daftarini halifutwi mpaka lijibiwe kwa barua, na mwombaji ataitwa kila linapojadiliwa. Haikusema mwombaji awe hai. Watu wa Bondeni, kila nyumba na ombi lake, waliomba bomba la majitaka miaka thelathini na moja iliyopita, wakaambiwa wasubiri, na wengine walisubiri mpaka wakafa. Basi karani akiita, wanaitika.

Dobi wa Bondeni, mwanamke mzee mwenye goti bovu, alimwekea mumewe nafasi kwa mkoba. Mumewe alikuwa mchimba vyoo, mji mzima ukimwita Sululu, na huu ulikuwa mwaka wa tisa tangu azikwe. Vyoo vyote vya Bondeni alivichimba yeye, na vyote alivichimba akipiga mluzi. Enzi hizo dobi akianua nguo za watu aliusikiliza tu ule mluzi, akajua shimo limefika kiunoni, limefika kichwani, au ni wakati wa kuteremsha ngazi na chai.

"Umechelewa," dobi alimwambia mumewe alipokuja kuketi.

"Njia ndefu, mama watoto. Goti?"

"Lipo na mimi. Choo kimejaa, baba. Kile cha nne. Uani hapana tena pa kuchimba."

"Nilisema cha tatu tukisogeze kwenye mpapai, ukasema nitakuulia mpapai wako."

"Mpapai wenyewe umekufa."

"Nimeuona."

Dobi akatoa mkobani shati jeupe, kola imepigwa pasi mpaka imesimama. Sululu alilivaa palepale, akafunga vifungo kuanzia chini kama alivyofanya siku zote.

Mwenyekiti alisoma ajenda. Mwekezaji alitaka kujenga nyumba mia tatu kilimani, nje ya mji. Aliomba mpaka usogezwe ili kilima kiwe cha mji, kisha kipelekewe bomba. Fundi mkuu wa majitaka alieleza kwamba mabwawa ya kupokea majitaka yamebakiwa na nafasi ya nyumba mia tatu basi.

"Ni kilimani au Bondeni," alisema. "Kote hayatoshi."

"Kilimani anaishi nani?" aliuliza diwani wa Bondeni.

"Kwa sasa mbuzi," alisema fundi mkuu.

Diwani kijana akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, hawa wa daftarini tuwaandikie barua moja kwamba haiwezekani. Tufunge ukurasa, wazee wetu wapumzike."

Dobi alimshika mumewe mkono wa shati. Barua ikiandikwa, iwe ya kukubali au ya kukataa, ombi limejibiwa, na Sululu hataitwa tena.

"Ombi namba kumi na saba," aliita karani.

Sululu alisimama. "Mke wangu ataongea. Mimi choo sikihitaji tena."

Benchi za nyuma zilicheka, za mbele pia. Dobi aliinuka taratibu. Usiku alikuwa anakwenda chooni kwa kushika ukuta, na mvua ikinyesha choo kilikuwa kinatapika uani, karibu na kamba zake za nguo. Alimtazama mumewe, kola ile, na vifungo vile.

"Sema bomba," Sululu alinong'ona. "Goti lako hilo."

"Tunaomba bomba," alisema dobi, akaketi haraka.

Madiwani walipiga kura. Mpaka ulisogezwa na kilima kikapata bomba. Barua ya Bondeni haikuandikwa, kwa sababu barua ya kukataa inahitaji sahihi, na hakuna diwani aliyetaka sahihi yake iende huko waendako wale wa nyuma. Karani akaandika kwamba maombi yataangaliwa mwezi ujao.

Sululu alivua shati, akalikunja vibaya kama kawaida yake.

"Mwezi ujao, basi."

"Uwahi," alisema dobi. Alifurahi, na kwa kufurahi huko akaona haya mbele ya majirani.

Alibaki kwenye benchi akisikiliza mluzi ukitoka mlangoni, ukashuka ngazi, kisha ukaanza kwenda chini. Kiunoni. Kichwani. Alihesabu kina mpaka usisikike.

Wiki ya tatu wachimbaji walipita uchochoroni kwake. Bomba lilizikwa hatua tano kutoka kwenye choo chake, likapanda zake kilimani. Dobi alimwaga ndoo ya majivu chooni, akanawa mikono, akafua lile shati kwa mara ya pili, maana udongo ule haukubali kutoka mara moja.